UCHAMBUZI: Kung'oa Beji Hakutoshi, Sheria Inautazama Pia Muonekano wa Sweta ya Kijeshi

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Misugusugu ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, iliyopo kando ya Barabara Kuu ya Morogoro. Kwa miaka mingi eneo hili limejulikana kwa kituo cha ukaguzi wa mizigo inayopita kwenda nchi jirani. Mchana, joto la ukanda huu halimruhusu mtu hata kuifikiria sweta. Alfajiri mambo ni mengine. Mlinzi anayemaliza lindo, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria wa kwanza na utingo anayejiandaa kwa safari ya Makambako, Mbeya hadi Tunduma, wote hutafuta nguo ya kuzuia upepo na umande.

Miongoni mwa nguo zinazopendwa kwa kazi hiyo ni sweta nzito ya sufu, rangi ya kijani cha jeshi, yenye viraka vya kitambaa kigumu begani na kwenye viwiko. Huja katika marobota ya mitumba, hudumu miaka mingi, na bei yake hailingani na ubora wake. Wapo wanaoivaa kwa sababu ya baridi tu. Wapo wanaoipenda kwa umbo lake. Wapo pia wachache wanaozikusanya, wakitofautisha ya nchi hii na ya nchi ile kwa mshono, shingo na lebo.

Wengi wao hawana nia ya kujifanya askari. Hata hivyo, sheria za nchi yetu zinaihusu nguo hiyo kwa namna ambayo mvaaji, muuzaji na mkusanyaji wanapaswa kuifahamu. Uchambuzi huu unalenga kueleza mpaka ulipo, sababu za kuwekwa kwake, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuzichukua kabla ya kujikuta mbele ya mkono wa sheria.

TANGAZO LA AGOSTI 2023 NA MSINGI WAKE

Mwezi Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), kupitia aliyekuwa Kaimu Mkurugenzi wa Habari na Uhusiano, Luteni Kanali Gaudentius Ilonda, lilitoa siku saba kwa raia wanaomiliki, kuvaa au kuuza mavazi ya jeshi, au mavazi yanayofanana nayo, kuyasalimisha. Tangazo hilo liligusa makundi mengi, wakiwemo wafanyabiashara wa nguo na wasanii.

Baadhi ya wananchi walidhani kwamba katazo lilianza siku ile na kwamba lilikoma siku ya saba. Dhana zote mbili si sahihi. Tangazo lilikuwa kumbusho la sheria iliyokuwepo tangu zamani, na siku saba zilikuwa nafasi ya kusalimisha kwa hiari. Baada ya muda huo kupita, sheria ilibaki pale pale.

Msingi mkuu upo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 178. Kifungu hicho kinamkataza mtu asiyetumikia vyombo husika kuvaa sare yake bila ruhusa. Kinakwenda mbele zaidi na kukataza vazi lolote lenye muonekano wa sare hiyo, au lenye alama zinazoitambulisha. Kinagusa pia anayeingiza nchini, anayeuza, au anayemiliki kwa ajili ya kuuza. Kwa maneno mengine, mnyororo mzima unahusika, kuanzia anayefungua robota hadi anayelivaa vazi barabarani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 147, inaipa Serikali pekee mamlaka ya kuunda na kuweka majeshi. Sare ni alama ya mamlaka hayo. Ndiyo maana suala la nguo, ambalo kwa juu linaonekana dogo, limewekwa katika sheria ya jinai na halikuachwa kuwa suala la adabu ya mavazi.

SWETA HII IMETOKA WAPI

Ili kuelewa utata wa sweta, ni vyema kuangalia asili yake. Askari wa Afrika Mashariki walianza kuvaa nguo ya kufuma zamani sana. Askari wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902 na kilichojulikana kwa wenyeji kama Keya, katika miaka yake ya mwanzo walivaa fulana nzito za sufu za rangi ya buluu pamoja na kaptula za kaki. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya 1939 na 1945, sweta nzito za sufu zilivaliwa na vikosi vya Uingereza, wakiwemo makomando, na baada ya vita umbo hilo likaenea katika majeshi mengi duniani.

Kila sehemu ya sweta hiyo ina kazi. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, na haishiki moto kwa urahisi kama nyuzi nyingi za viwandani. Kiraka cha begani kiliwekwa kwa sababu mkanda wa bunduki na kamba za begi huila nguo upesi mahali hapo. Kiraka cha kwenye kiwiko ni kwa ajili ya askari anayetambaa au kulala kifudifudi akilenga. Mikanda midogo ya begani ni ya kubebea alama za cheo. Raia anayevutiwa na uimara wa vazi hili anavutiwa, pengine bila kujua, na mambo yaleyale yaliyolifanya kuwa la kijeshi.

Umbo hilo halikubaki jeshini pekee. Polisi, walinzi wa kampuni binafsi, na hata baadhi ya sare za shule duniani zimechukua mtindo wa viraka begani. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kombati ya mabakamabaka haina utata, kwa kuwa kila mtu akiiona anafahamu ni ya nani. Sweta ya rangi moja inahitaji kuangaliwa mara mbili.

ALAMA NA MUONEKANO

Kifungu cha 178 kinaweka mizani miwili: alama na muonekano. Maneno yake yanafanana kwa karibu na yale ya Sheria ya Sare ya Uingereza ya mwaka 1894, ambayo nayo inakataza vazi lenye muonekano au alama za sare ya jeshi. Hata hivyo, huko Uingereza nguo nyingi zilizotoka jeshini huuzwa kwa raia katika maduka ya kawaida. Sweta inayonunuliwa kule kwa uhalali hutumika, hutupwa katika kapu la nguo kuukuu, hufungwa robota na kufika kwetu. Inapofika hapa, inakutana na utaratibu wetu na namna jamii yetu inavyoisoma nguo. Hoja kwamba "ni ya nje, si ya jeshi letu" haina nguvu kubwa iwapo kwa macho ya mtu wa kawaida inafanana na inayovaliwa na askari wetu.

Imani iliyoenea miongoni mwa wavaaji na wauzaji ni kwamba ukishang'oa beji, bendera au jina la kikosi, nguo imekuwa ya kiraia. Imani hiyo inajibu mzani mmoja tu. Kung'oa beji kunaondoa alama, hakuondoi muonekano. Sweta ya kijani cha jeshi, yenye viraka na mikanda ya cheo begani, bado inaweza kumfanya mpita njia aamini kwamba aliyeivaa ni askari, hasa ikiambatana na bereti, mkanda mpana na buti.

Kwa upande mwingine, si haki kudhani kwamba kila sweta ya sufu ni kosa. Sweta nyeusi, ya damu ya mzee au ya kijivu aliyofumiwa mtu na mamaye haigusi kifungu hiki kwa sababu tu ni nzito. Hata kiraka cha kwenye kiwiko, kikiwa peke yake katika nguo ya rangi ya kawaida, ni mshono wa kuimarisha nguo. Jambo linalotazamwa ni mfanano wa jumla: rangi, mshono, alama na vitu vinavyovaliwa pamoja. Hatimaye, kama ilivyo kwa makosa mengine ya jinai, mwenye kauli ya mwisho kuhusu kosa ni mahakama.

Wapo wanaouliza kuhusu kuipiga rangi nyingine. Ni kweli kwamba kubadilisha rangi hupunguza mfanano, lakini sufu ikichemshwa hujikunja na kusinyaa, na vazi la mtu mzima linaweza kutoka likiwa la mtoto. Zaidi ya hapo, mikanda ya begani na mshono hubaki. Mwenye shaka anashauriwa kuuliza kwanza badala ya kutafuta njia ya mkato.

KWA NINI SARE INA UZITO

Kibaha inaishi jirani na sare. Kikosi cha JKT Ruvu kipo Mlandizi, kilomita chache kutoka Misugusugu, na Shirika la Nyumbu, lililo chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, lipo Kibaha. Katika mazingira hayo askari ni jirani, mteja wa duka na abiria wa daladala. Watu hawamuulizi kitambulisho. Sare yake inatosha.

Uaminifu huo ndio unaolindwa. Mtu akisimamishwa usiku na mwenye sare, husimama. Akiambiwa afungue mlango, hufungua. Akiambiwa ashuke kwenye gari, hushuka. Ikiwa sare inaweza kununuliwa mnadani kwa bei ya chakula cha siku mbili, basi utii huo unageuka kuwa silaha ya mhalifu. Na raia akishaumizwa mara moja na mtu aliyevaa kama askari, siku nyingine hatamwamini hata askari wa kweli aliyekuja kumsaidia. Hasara hiyo ni ya pande zote mbili, na hairekebishwi kwa kumkamata mhalifu mmoja.

Historia yetu inaongeza uzito. Maasi ya wanajeshi wa Tanganyika Rifles ya Januari 1964, jeshi lililorithiwa kutoka kwa Keya, yaliifundisha Serikali changa kwamba jeshi na wananchi lazima wafahamiane na kuaminiana. JWTZ iliundwa upya tarehe 1 Septemba 1964 kwa misingi hiyo, na jina lake lenyewe linasema ni jeshi la wananchi. Sare yake, kwa hiyo, ni dhamana ya umma, na heshima yake haiwezi kuachwa ishuke hadi kuwa pambo la mitaani.

Tanzania si nchi pekee yenye mtazamo huu. Raia wamekatazwa kuvaa nguo za mabakamabaka katika mataifa kadhaa, zikiwemo Zambia, Zimbabwe na Ghana barani Afrika, na Jamaika, Barbados na Trinidad katika visiwa vya Karibi. Nchini Uganda, Septemba 2019, mavazi ya jeshi la UPDF, ikiwemo bereti nyekundu, yaliainishwa katika Gazeti la Serikali. Hatua hiyo ilizua mjadala wa kisiasa nchini humo, lakini ina somo moja la kiutendaji: orodha iliyoandikwa na kuchapishwa humwezesha raia kujua mapema kilichokatazwa.

MFANYABIASHARA, MSANII NA MKUSANYAJI

Mzigo mkubwa wa katazo humwangukia mfanyabiashara mdogo wa mitumba. Yeye hununua robota likiwa limefungwa, na hana njia ya kujua kilichomo mpaka alikate. Akikuta sweta tano za jeshi ndani yake, mtaji wake umepungua hata kabla ya kuanza kuuza. Kishawishi cha kuziuza kimyakimya kinaeleweka, lakini kumiliki kwa ajili ya kuuza ni kosa lenyewe, na mnunuzi naye huingizwa matatani. Njia iliyo salama ni kuzitenga siku ile ile robota lilipofunguliwa na kuzipeleka zinakostahili.

Kwa wasanii, sheria ina nafasi. Kifungu cha 178 hakimzuii mtu kuvaa sare katika mchezo wa jukwaani unaofanyika mahali panaporuhusiwa kisheria. Nafasi hiyo ni finyu. Inahusu onesho, haimfuati msanii njiani kwenda nyumbani, wala haihusu kuvaa kwa ajili ya kupiga picha za mtandaoni. Anayeandaa filamu au video yenye askari anashauriwa kuomba kibali mapema.

Mkusanyaji ana hali yake. Kuhifadhi vitu vya kale ni jambo lenye manufaa, na nguo ya askari wa Keya ni sehemu ya historia ya watu wetu waliopelekwa vitani mbali na kwao. Sehemu salama ya vitu vya aina hiyo ni taasisi zenye dhamana, kama Makumbusho ya Taifa, ambako vazi huelezwa na kutunzwa. Familia iliyoachiwa sweta na marehemu aliyekuwa askari isiigawe kwa vijana kama nguo ya kazi. Iulize mamlaka za jeshi zilizo karibu kuhusu utaratibu wa kuirejesha au kuihifadhi kama kumbukumbu.

Na mlinzi wa usiku je? Huyu anastahili kufikiriwa kwa namna ya pekee. Mara nyingi hakuchagua nguo. Alivaa aliyopewa na mwajiri au aliyoimudu. Mwajiri anayemvalisha mlinzi wake sweta inayofanana na ya jeshi anamweka mtu wa kipato cha chini mbele ya sheria kwa kosa ambalo si lake. Waajiri wa aina hiyo wana wajibu wa kuchagua rangi na mshono unaojitofautisha waziwazi na wa majeshi.

MWANANCHI AFANYE NINI

Kwa anayemiliki sweta na ana shaka nayo, maswali matatu yanaweza kumsaidia. Je, ina alama yoyote ya jeshi, polisi au chombo kingine cha ulinzi, iwe cha hapa au cha nje? Je, rangi na mshono wake kwa pamoja vinafanana na vinavyovaliwa na askari wetu? Je, mtu asiyenijua akiniona gizani atadhani mimi ni askari? Jibu likiwa "ndiyo" hata kwa swali moja, asiivae wala asiiuze mpaka apate ushauri.

Kusalimisha kufanyike mahali rasmi: kambi ya jeshi, kituo cha polisi au ofisi ya Serikali ya Mtaa. Ni busara kuhakikisha tukio limeandikwa na mwenye nguo anabaki na kumbukumbu. Mwananchi asimkabidhi nguo hiyo kila anayejitokeza mtaani akidai kuikusanya. Ni jambo la kusikitisha iwapo katazo lililokusudiwa kuziba njia ya matapeli litawafungulia nyingine.

Zipo kazi pia kwa upande wa taasisi za umma. Kwanza, picha zinazoonesha vazi lililokatazwa na lisilokatazwa zikibandikwa masokoni na katika ofisi za mitaa zitasaidia kuliko matangazo ya maneno pekee, kwa kuwa sweta ni jambo la kuonwa kwa macho. Pili, udhibiti ukiimarishwa kwa waingizaji wakubwa, mzigo utapungua kwa mchuuzi wa mwisho. Nchi yetu ina uzoefu wa kuzuia aina fulani za mitumba, kama nguo za ndani, na uzoefu huo unaweza kutumika hapa. Tatu, utekelezaji uendane na elimu, ili mzee anayejikinga na umande asichukuliwe sawa na mtu anayevaa kwa nia ya kuwalaghai wenzake.

Baridi ya alfajiri Misugusugu, na ile ya Njombe na Mbeya ambako malori yanaelekea mwezi Juni na Julai, inahitaji nguo nzito, na hakuna sheria inayomnyima mwananchi joto. Zipo sweta za rangi na mitindo mingi zinazofaa kazi hiyo, zikiwemo zinazofumwa na mafundi wetu wanaoshona sare za shule. Lililo muhimu ni kwamba mlinzi akisimama getini aonekane mlinzi, na askari akisimama barabarani aonekane askari, ili raia anayekutana nao gizani ajue bila kubahatisha ni nani aliye mbele yake.